Chanjo ya kichaa cha mbwa: kila mwaka au kila miaka mitatu?

Weka kadi mbili za chanjo mezani. Mbwa ni wa rika moja, wamechomwa sindano ya kichaa cha mbwa wiki ileile, na wote wana afya njema. Kadi ya kwanza inasema arudishwe baada ya mwaka mmoja. Ya pili inasema baada ya miaka mitatu. Mwenye kadi ya kwanza anajiuliza kama anasumbuliwa bure. Mwenye kadi ya pili anaingiwa na hofu kwamba mbwa wake ataishiwa kinga huku yeye akidhani yuko salama. Nimeulizwa swali hili na watu wengi wanaowapenda mbwa wao kwa dhati, na jibu langu la kwanza huwa ni kwamba kadi zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Kinachoamua ni chupa iliyotumika, historia ya mbwa mwenyewe, sheria ya mahali anapoishi na mbwa wengine wanaomzunguka.

Msimamo wangu niutoe mapema. Mbwa mwenye kumbukumbu kamili, aliyekwisha kupata dozi ya pili mwaka mmoja baada ya ile ya kwanza, anatosheka na ratiba ya miaka mitatu pale lebo ya chanjo na sheria zinaporuhusu. Mbwa mwingine yeyote, nachagua kila mwaka. Na ratiba ya tatu, ile ya "huyu alishachanjwa zamani", simchagulii mbwa yeyote, kwa sababu ugonjwa huu dalili zake zikishajitokeza karibu hakuna anayepona, awe mbwa au mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na takribani asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Ndiyo maana suala la tarehe kwenye kadi silichukulii kama jambo la makaratasi.

Dozi mbili za mwanzo hazina mjadala

Kabla ya kulinganisha, tuondoe jambo ambalo halina pande mbili. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto wa mbwa akitimiza wiki 12. Kabla ya hapo bado anabeba kingamwili za mama yake, nyingi akiwa amezipata kwenye dang'a, na kingamwili hizo zinaweza kuizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza chochote. Pale ambapo ugonjwa umeenea, kampeni za chanjo huwachanja hata wale wadogo zaidi, na ni sawa kabisa, maana huenda mtoto yule asionekane tena. Ila aliyechanjwa kabla ya wiki 12 anahitaji kuchanjwa upya akishavuka umri huo. Dozi ile ya mapema haihesabiwi kuwa imemaliza kazi.

Kinga haiji siku ya sindano. Kwa kawaida mbwa aliyechanjwa kwa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa na kinga baada ya siku 28. Wiki hizo nne mzuie asizurure.

Kisha inakuja dozi ya pili, mwaka mmoja baada ya ya kwanza, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Dozi hii inahitajika hata kama chupa ya kwanza ilikuwa ya miaka mitatu. Dozi ya kwanza huutambulisha mwili kwa kirusi. Wapo mbwa wachache ambao mwili wao huitikia kwa udhaifu, na kwa macho huwezi kuwatambua. Dozi ya pili huwanasa hao, na kwa wengine huamsha kumbukumbu ya kinga ikapanda haraka na kudumu muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "wangu alichomwa ile ya miaka mitatu" na mbwa amechanjwa mara moja tu, mbwa huyo bado anahesabiwa mwaka. Mjadala wa mwaka au miaka mitatu unaanza baada ya dozi ya pili.

Lebo inasema nini hasa

Watu wengi wanadhani chanjo ya miaka mitatu ina nguvu mara tatu ya ile ya mwaka mmoja. Sivyo. Nyingi ya chanjo hizi zina kirusi kilichouawa, na mara nyingine kilichomo ndani ya chupa hizi mbili kinakaribiana sana. Tofauti kubwa iko kwenye jaribio ambalo mtengenezaji alilifanya kabla ya kupewa kibali. Mbwa huchanjwa, wakatunzwa mbali na ugonjwa kwa muda uliopangwa, kisha wakaambukizwa kwa makusudi pamoja na wenzao ambao hawakuchanjwa. Kwa kanuni za Marekani, angalau 26 kati ya 30 waliochanjwa, au uwiano unaolingana na huo, lazima wabaki wazima huku wengi wa wasiochanjwa wakifa. Mtengenezaji aliyesubiri mwaka mmoja anaruhusiwa kuandika mwaka mmoja. Aliyesubiri miaka mitatu anaandika mitatu.

Ni jaribio gumu kulisoma kwa mtu anayependa mbwa, nami silipiti bila kusikitika. Lakini linafafanua jambo muhimu: lebo ya mwaka mmoja haisemi kwamba kinga hukatika siku ya 366. Inasema kwamba hapo ndipo ushahidi wa chupa hiyo ulipofikia.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliojaribu kwenda mbali zaidi. Mbwa waliochanjwa walitunzwa miaka mingi bila kukutana na kirusi, kisha wakapimwa kwa namna hiyohiyo. Baada ya zaidi ya miaka sita na nusu wengi wao walikuwa bado wana kinga. Ilipofika mwaka wa nane, wengi hawakuwa nayo. Makundi yalikuwa madogo, mbwa wachache kila awamu, kwa hiyo sishauri mtu ajengee ratiba juu yake. Nachukua mawili tu: kinga ya wengi huvuka tarehe ya kadi, na kuna wakati inaisha pasipo mbwa kuonyesha dalili yoyote kwamba imeisha.

Upande kwa upande

Tuanze na kinga yenyewe. Katika mwaka wa kwanza baada ya sindano hakuna tofauti kati ya ratiba hizi mbili. Katika mwaka wa pili na wa tatu, mbwa mzima aliyekwisha kupata dozi zake mbili za msingi kwa wakati, na akachomwa chanjo iliyothibitishwa kwa miaka mitatu, hapati nyongeza kubwa kwa kuchomwa tena mapema. Anayekuambia mbwa wa aina hii yuko hatarini kwa sababu miezi 14 imepita anakutia hofu isiyo na msingi. Hapa ratiba ya miaka mitatu inashinda, bila shaka.

Madhara ya sindano nayo yanaielekea miaka mitatu, ingawa kwa uzito mdogo. Mbwa wengi hupata maumivu mahali walipochomwa, uvimbe mdogo, au hulala sana kwa siku moja au mbili. Mzio mkali, wa kuvimba uso, kutapika au kuishiwa pumzi, ni nadra, na ukitokea mara nyingi huonekana mapema, kwa hiyo usiondoke kwa daktari mbio mara tu sindano inapotoka. Kumbukumbu za mbwa zaidi ya milioni moja wa Marekani, zilizochambuliwa mwaka 2005, zilionyesha kwamba mbwa wadogo wa mwili, na wale waliochomwa chanjo nyingi kwa mpigo mmoja, ndio waliopata madhara zaidi. Dozi ya kichaa kwa kawaida ni ileile, mililita moja, kwa mbwa wa kilo tatu na wa kilo hamsini. Basi kama wako ni mdogo na aliwahi kuvimba, omba chanjo nyingine zitolewe siku tofauti. Hiyo inasaidia kuliko kuiruka ya kichaa.

Jambo la tatu ni kumbukumbu za binadamu, na hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu baada ya miaka ya kufuga. Ratiba ya miaka mitatu kwenye karatasi ni nzuri. Kwenye maisha, miaka mitatu ni mirefu. Mtu anahama, simu inapotea na vikumbusho vyake, kadi inalowa, daktari anayemjua mbwa anaondoka. Kitu kinachofanywa kila mwaka kinakuwa desturi. Kinachofanywa kila baada ya miaka mitatu kinategemea karatasi. Nimewahi kuwa na mbwa niliyeamini kabisa kwamba amebakiza mwaka mzima, hadi nilipoitafuta kadi na kukuta alikuwa amepitwa kwa miezi mitano. Hakudhurika. Lakini miezi ile mitano alikuwa akilala mlangoni pa chumba cha watoto.

Kwa hiyo kama unajijua kuwa si mtu wa kutunza tarehe, kila mwaka ni chaguo lako, na usione haya. Kuna hata njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii: kutumia chanjo ya miaka mitatu lakini kumpeleka mbwa kila mwaka akaguliwe, na daktari aangalie kadi. Mwaka mwingine atachomwa, mwingine hatachomwa, ila jicho la mtu mwingine litakuwa limeipitia tarehe. Tarehe rahisi ya kushika ni Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyowekwa siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Katika sehemu nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na siku hiyo.

Hapa niseme kidogo kuhusu mchanganyo unaowakanganya wengi. Mbwa ana chanjo nyingine pia, na zina muda wake. Ya homa ya mgunda hurudiwa kila mwaka kwa mbwa walio hatarini. Kwa hiyo daktari akikuita kila mwaka kwa "chanjo", haimaanishi kila mara ni ya kichaa. Uliza ni ipi.

Chanjo iliyopata joto

Ulinganisho wote huu unadhani kwamba kilichoingia mwilini mwa mbwa kilikuwa chanjo yenye uwezo wa kufanya kazi yake. Chanjo ya kichaa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na haipaswi kugandishwa. Aina moja ilipojaribiwa iligundulika kwamba inaweza kukaa miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30 bila kupoteza uwezo wake, habari njema sana kwa maeneo yasiyo na umeme. Lakini hiyo ni aina moja iliyopimwa, nyingine usizikisie.

Ukiwa na shaka na mahali chanjo ilipotunzwa, au kama aliyechanja alitoa chupa mfukoni juani, usimhesabie mbwa wako miaka mitatu. Mrudishe kwa daktari unayemwamini, mweleze wazi, na muanze hesabu upya. Dozi ya ziada haina hatari kubwa kwa mbwa mzima. Dozi iliyoharibika ina hatari, maana inakupa amani isiyo ya kweli.

Mbwa mmoja na mbwa wote

Kwa nini basi kampeni nyingi huchanja kila mwaka wakati chanjo nyingi hudumu zaidi? Jibu liko kwenye kundi zima. Ili kichaa kikatike katika eneo, Shirika la Afya Duniani linalenga angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani huwaambukiza kati ya mmoja na wawili tu, kwa hiyo ugonjwa huu unaweza kuzuiwa kabisa. Shida ni kwamba mbwa wanaozurura hufa mapema na kuzaliana upesi. Leo umechanja saba kati ya kumi. Baada ya mwaka baadhi yao wamekufa, watoto wamezaliwa ambao hawajawahi kuguswa na sindano, na kiwango kimeshuka ingawa hakuna hata mmoja aliyechanjwa ambaye kinga yake imeisha. Kampeni ya kila mwaka inawafuata hao wapya.

Hili lina maana kwako moja kwa moja. Kama mbwa wako anaishi mahali ambapo mbwa wasio na mwenyewe hupita, au mbweha, nguchiro na popo wapo karibu, timu ya kampeni ikifika mpeleke. Usiseme "wangu bado ana miaka miwili". Kwanza, mara nyingi hawana njia ya kuthibitisha kadi yako papo hapo. Pili, hatari anayokutana nayo mbwa huyo si sawa na ya mbwa anayelala ndani na kutoka akiwa na kamba shingoni. Huyo wa ndani naye achanjwe: popo huingia ndani, na mlango huachwa wazi siku moja.

Siku ya kung'atwa

Hapa ndipo ratiba inapopimwa kwa vitendo. Tuchukue mbwa watatu waliong'atwa na mnyama mwenye kichaa, na tuwapitishe kwenye mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016, ambao uko wazi sana katika jambo hili. Wa kwanza chanjo yake iko ndani ya muda: anachomwa dozi ya nyongeza mara moja na kuangaliwa nyumbani kwa siku 45. Wa pili amepitwa na tarehe, lakini kadi ipo na inaonyesha alichanjwa: naye anachomwa mara moja na kuangaliwa siku 45. Wa tatu hajawahi kuchanjwa: anauawa, au mwenyewe akikataa, anafungiwa peke yake kwa uangalizi mkali kwa miezi minne.

Ona mbwa wa pili alivyookolewa na karatasi. Mwili wake huenda ulikuwa na kinga vilevile hata kama kadi ingepotea, lakini hakuna ambaye angeweza kulisema hilo kwa uhakika. Nchi nyingine zina taratibu kali zaidi kwa aliyepitwa.

Na mbwa wako mwenyewe akimng'ata mtu, kadi iliyo ndani ya muda hupunguza hofu, haifuti utaratibu. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyohiyo, na mbwa aangaliwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na kirusi siku alipong'ata. Tafadhali usimuue mbwa kwa hasira kabla ya siku hizo kuisha.

Sheria na safari

Sheria ya mahali ikisema kila mwaka, mjadala umeisha hapo, hata kama chupa imeandikwa miaka mitatu. Kwa safari ni hivyohivyo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka mbwa awe na alama ya utambulisho ya kielektroniki kabla ya chanjo, awe na angalau wiki 12 siku ya kuchanjwa, na siku 21 ziwe zimepita baada ya dozi ya kwanza. Ukichelewa dozi ya marudio hata kwa siku moja, inayofuata huhesabiwa kuwa ya kwanza na siku 21 zinaanza upya. Kwa anayesafiri na mbwa, kuchanja mapema kabla tarehe haijafika ni busara kuliko kuhesabu siku.

Wengine huuliza kama wanaweza kupima damu badala ya kuchanja. Kipimo kipo, na kiwango kinachokubalika kimataifa ni vizio 0.5 kwa mililita. Baadhi ya nchi hukidai kwa mbwa wanaoingia. Lakini kinadaiwa juu ya chanjo, na sehemu nyingi hakikubaliki kama mbadala wake. Kwa mbwa aliyewahi kupata mzio mkali, zungumza na daktari kuhusu kipimo hicho na kuhusu kibali cha kutochanjwa pale sheria inapokitoa. Kwa wengine wote sindano ni njia fupi zaidi.

Kwa hiyo, wako ni yupi?

Mbwa uliyemwokota au uliyepewa bila kadi: mhesabu kuwa hajawahi kuchanjwa. Mchome sasa, umrudie baada ya mwaka, ndipo ufikirie miaka mitatu. Usikubali maneno ya aliyekupa, hata kama ni mtu mwema. Mtu mwema pia husahau.

Mbwa mwenye dozi mbili kwenye kadi, chanjo ya miaka mitatu, daktari yuleyule, na mwenye mbwa anayetunza tarehe: miaka mitatu, kwa amani kabisa.

Mbwa wa mlinzi, wa mifugo au wa kuwinda, anayekutana na wanyama wa porini: kila mwaka, na sitabishana na daktari anayesema hivyo hata pale lebo inaporuhusu zaidi.

Mbwa mzee ndiye anayenisumbua zaidi moyoni, kwa sababu wenyewe huanza kumwonea huruma na kuacha. Kama ni mzima, aendelee na ratiba yake ileile. Kama ni mgonjwa, daktari aamue kama sindano isubiri apate nafuu, na tarehe mpya iandikwe siku hiyohiyo.

Leo jioni itoe kadi uisome. Inapaswa kuonyesha tarehe ya sindano, jina la chanjo, namba ya toleo la chupa, tarehe ya kurudi, na saini au muhuri wa aliyechanja. Ukikuta tarehe moja tu ya kichaa cha mbwa, na imepita zaidi ya mwaka mmoja, mbwa wako bado hajaifikia ratiba ya miaka mitatu. Mpigie daktari kesho asubuhi.